Majani Yananawiri, Boga Limesimama: Tatizo Liko Wapi?

Mkulima wa boga kubwa akipatwa na shida, jambo la kwanza atakalokuambia ni kwamba mmea wenyewe ni mzima. Majani mapana, kijani kimekolea, shina linatambaa kuelekea kwa jirani na maua mapya yanafunguka kila asubuhi. Ila boga lililokuwa likinenepa kila kukicha limesimama. Tepu inasoma leo kile ilichosoma juzi. Basi anaongeza mbolea, anaongeza maji, na boga halisogei. Baada ya wiki mbili linaanza kunuka.

Maboga mengi hupotea hivi Nairobi, iwe ni kwenye shamba la Ruai au kitalu cha nyuma ya nyumba Dagoretti, na sehemu kubwa ya hasara hiyo inazuilika. Shida ni kwamba tunayauliza majani swali ambalo hayana jibu lake.

Ndani ya shina la mmea huu kuna njia mbili za usafirishaji. Ya kwanza ni zailemu, inayopandisha maji na madini kutoka mizizini hadi majanini. Ya pili ni floemu, inayobeba sukari iliyotengenezwa na majani na kuipeleka inakohitajika: kwenye ncha za matawi, mizizi, maua na matunda. Jani la kijani lililosimama imara linakuhakikishia kwamba maji yanafika na naitrojeni inatosha. Halikuambii sukari yake imekwenda wapi. Boga nalo hupokea sukari yote na sehemu kubwa ya maji yake kupitia floemu. Ukiishi kwenye ploti ya ghorofa unaijua hali hii: tangi la juu limejaa pomoni, mfereji wa nyumba ya chini umekauka. Fundi anayejua kazi yake hataongeza maji tangini, atafuata bomba.

Kuna jambo la pili ambalo wakulima wengi hawalitarajii. Boga linalokua kwa kasi huuchosha mmea. Huvuta sukari, potasiamu na naitrojeni kutoka majanini, na majani ya zamani karibu na shina kuu huanza kufifia mapema. Boga likisimama, mzigo huo unatoweka. Sukari iliyokuwa ikilielekea sasa inakwenda kwenye ncha za matawi, matawi yanarefuka kwa haraka, na vitunda vichanga ambavyo wiki iliyopita vilikuwa vikinyauka na kudondoka sasa vinashika. Kwa hiyo ustawi huo unaokufariji huenda ndio dalili yenyewe. Mmea ukianza kupendeza kuliko ulivyokuwa wiki iliyopita, acha kuusifu, nenda ukakague boga.

Umuhimu wa bomba hili la floemu unaonekana hata katika historia ya maboga makubwa. Mbegu inayotafutwa na washindani duniani ni Atlantic Giant, ya spishi iitwayo Cucurbita maxima, iliyokuzwa na Howard Dill, mkulima wa Windsor, Nova Scotia, nchini Kanada. Dill alishinda mashindano ya dunia miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Tangu hapo uzito umepanda hadi mwaka 2023 boga la Travis Gienger wa Minnesota likapimwa kilo 1,247 huko Half Moon Bay, California, na mwaka 2025 pacha wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, wakapita hapo na kukaribia kilo 1,279. Mtafiti wa mimea Jessica Savage na wenzake walipolinganisha maboga makubwa na ndugu zao wa kawaida, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, waligundua kwamba tofauti kubwa haiko kwenye uwezo wa jani kutengeneza sukari. Maboga makubwa yana floemu nyingi zaidi. Kizazi baada ya kizazi, watu walikuwa wakichagua mabomba mengi bila kujua.

Kabla ya kutafuta ugonjwa wowote, jiulize mbegu yako ilitoka wapi. Malenge tunayonunua Marikiti au Kangemi ni ya kilo chache, na mbegu iliyotolewa humo haitazaa jitu, hata uitunze vipi. Boga la kawaida humaliza safari yake takriban siku 45 hadi 55 baada ya kuchavushwa. Likisimama siku ya 40 huku ngozi ikigeuka rangi na kuwa ngumu kiasi kwamba ukucha hauingii, limekomaa, halina ugonjwa. Anayetaka Atlantic Giant hasa ataiagiza kutoka nje, na kwa hilo anahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea.

Kipimo kinachosema kweli

Chombo muhimu kuliko vyote ni tepu ya fundi cherehani na daftari. Washindani hupima mara tatu: mzingo wa boga sambamba na ardhi, kisha kutoka ardhini upande mmoja kupitia juu hadi ardhini upande wa pili, kisha kutoka ardhini upande wa kikonyo kupitia juu hadi ardhini upande wa kitako, yaani mwisho ambako ua lilikuwa. Hujumlisha namba hizo tatu na kukadiria uzito kwa kutumia majedwali. Kwa uchunguzi wetu hata mzingo peke yake unatosha, mradi upimwe kila siku saa ileile, ikiwezekana asubuhi na mapema. Mchana wa jua kali majani hunyonya maji hadi boga likanywea kidogo, na ukipima leo saa nane na kesho saa moja utajidanganya.

Ukuaji wa boga una umbo linalojulikana. Huanza polepole, kisha kati ya siku ya 20 na ya 40 hivi huenda mbio, kisha hupungua taratibu hadi kikomo. Maboga ya mashindano huongeza kilo 15, 20, hata zaidi kwa siku katika kipindi hicho cha katikati. La kwako huenda likawa dogo mara ishirini, lakini litapita njia ileile. Nikiletewa swali la boga lililosimama, huomba kwanza kuona namba hizo, maana namna lilivyosimama ndiyo inayoonyesha pa kutafuta.

Likisimama ghafla, yaani jana liliongeza sentimita tano, leo sifuri, kesho sifuri, tatizo liko kwenye boga lenyewe, kwenye kikonyo, au kwenye kipande cha shina kilicho karibu nalo. Kitu kimekatika, kimepasuka au kimeoza. Likipungua polepole, tano, nne, tatu na nusu, mbili, wakati bado lilipaswa kuwa mbioni, basi bajeti ya mmea haitoshi au inakwenda kwingine. Makundi haya mawili hayatibiwi kwa njia moja, na kuyachanganya ndiko kunakomfanya mtu amwage mbolea juu ya boga linalooza.

Lililosimama ghafla

Anzia kwenye boga. Pima kwa pua kwanza. Nusa kitakoni, nusa kwenye kikonyo, pitisha mkono chini yake unavyoweza. Harufu ya kuchacha, povu, unyevu wa manjano au sehemu inayobonyea ni habari mbaya. Kitakoni nyama ya boga ni nyembamba, na ndipo uozo huanzia mara nyingi, hasa boga likikaa juu ya udongo ulioloa wa mwezi wa nne au wa kumi na moja. Ndiyo maana wakulima makini huweka mchanga chini ya boga: unakauka haraka, na boga likipanuka linateleza bila kukwaruzika.

Tafuta pia vitobo vidogo vyenye tone la utomvu juu yake. Hivyo ni vya nzi wa matunda wanaopenda jamii ya maboga, matango na matikiti. Jike hutoboa tunda changa na kutaga, na mabuu hula ndani huku nje kukionekana salama kwa siku kadhaa. Njia rahisi ni kulivika tunda changa mfuko wa kitambaa chepesi mara tu linaposhika, na kuzika kwa kina matunda yote yaliyoharibika badala ya kuyatupa pembeni.

Halafu kuna nyufa. Boga linaweza kupasuka kwa ndani, kwenye uvungu wa mbegu, bila nje kuonyesha chochote. Chanzo cha kawaida ni maji yasiyo na mpangilio. Hapa Nairobi ni rahisi kuona inavyotokea: mgao wa maji unaacha shamba likiwa kavu siku tano, ngozi inakakamaa, kisha mvua kubwa inashuka usiku mmoja na nyama ya ndani inapanuka haraka kuliko ngozi inavyoweza kufuata. Ni heri kumwagilia kiasi kidogo kila siku kutoka kwenye pipa kuliko kufurikisha mara moja kwa wiki.

Ukishamaliza boga, shika kikonyo. Boga likinenepa, mabega yake huinuka na kukivuta kikonyo juu, na kikonyo kinalivuta shina ambalo tayari limeota mizizi ardhini pande zote mbili. Lisipokuwa na nafasi ya kusogea, kitu kitachanika. Ufa mdogo wa kahawia unatosha kukata sehemu ya floemu. Tiba yake ni kinga: mapema, boga likiwa na ukubwa wa ngumi, lielekeze ili kikonyo kifanye karibu pembe mraba na shina, kisha ng'oa mizizi ya vifundo (mahali jani linapochomoza kwenye shina) viwili vitatu vilivyo karibu nalo ili shina liweze kuinuka. Katika vifundo vilivyo mbali fanya kinyume, vifukie kwa udongo viote mizizi zaidi.

Mwisho, fukua shina kati ya boga na shina kuu. Shina la boga lina uwazi katikati. Likijeruhiwa kwa jembe au kulalia matope, uozo hutembea ndani ya uwazi huo. Majani yaliyo upande wa mbele wa jeraha hubaki mazima kwa sababu yana mizizi yake kwenye vifundo. Hii ndiyo hali inayowadanganya watu kuliko zote: mmea wa kijani mbele, wa kijani nyuma, na katikati shina limegeuka uji.

Linalopungua polepole

Kwenye kundi hili, swali ni nani anakula sukari ya boga.

Mshukiwa wa kwanza katika nyumba nyingi za Nairobi ni sufuria. Majani ya malenge ni mboga nzuri, bila hayo mukimo haujakamilika, na wanaoyaita seveve hawawezi kuyapita. Lakini anayechuma ncha na majani machanga kila Jumamosi anaondoa viwanda vya sukari vilivyokuwa karibu kuanza kazi, na mmea unalazimika kutumia akiba kuchipuza vingine. Chipukizi hizo ni za kijani, laini, zinavutia, na zinanyonya kabla ya kutoa: jani changa la boga hupokea sukari kutoka kwa wenzake hadi likaribie nusu ya ukubwa wake. Ushauri wangu ni kupanda mashina mawili, moja la majani, moja la boga, na kila mwanafamilia ajue lipi ni lipi.

Mshukiwa wa pili ni tunda lililojificha. Inua majani yote. Boga la pili lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto, mita nne kutoka la kwanza, linatosha kulipunguzia la kwanza mwendo. Anayetaka jitu huacha boga moja kwa mmea, na hukata ncha za matawi ya pembeni baada ya matawi hayo kufika urefu unaotakiwa.

Naitrojeni nayo. Samadi ya kuku iliyorundikwa, kisha mbolea ya naitrojeni ya CAN juu yake, hufanya mmea kuendelea kutengeneza majani na matawi kana kwamba boga halipo. Boga likishashika, punguza naitrojeni na uangalie potasiamu. Ni bora kupima udongo, na maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, zilizoko Kabete hufanya kazi hiyo, kuliko kukisia kwa rangi ya jani.

Udongo wenyewe hautofautiani kidogo tu kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine. Magharibi, kuanzia Dagoretti hadi Karen, udongo ni mwekundu, wenye kina na unaopitisha maji vizuri, lakini una tindikali na hushikilia fosforasi hadi mmea ukose. Mashariki na kusini, Embakasi, Utawala na kuelekea Kitengela, ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukinyeshewa unajaa maji na mizizi inakosa hewa. Ukikauka unapasuka nyufa zinazokata mizizi midogo. Katika udongo huo matuta ya juu na matandazo mazito si hiari. Wanaotumia maji ya kisima wachunguze pia ukoko mweupe juu ya udongo, maana maji ya visima vingi vya Nairobi yana sodiamu nyingi, na chumvi ikirundikana mizizi hupata taabu ya kunywa hata udongo ukiwa umeloa.

Na kama kipande hicho cha ardhi kimepandwa nyanya miaka mingi, chimba kifundo kimoja cha mbali uangalie mizizi. Ikiwa na uvimbe kama shanga, hao ni minyoo fundo, na msimu huu huwezi kuwaondoa. Ongeza mboji, fukia vifundo zaidi ili mizizi mipya ipatikane, na mwakani hamia mahali pengine.

Baridi ya mwezi wa saba

Nimeiacha sababu hii ipate nafasi yake kwa kuwa vitabu vingi vya maboga vimeandikwa na watu wa kaskazini, na ushauri wao hautufai moja kwa moja. Kwao Juni mchana hufika saa 15 au zaidi. Nairobi, digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, hupata mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima. Jua letu la adhuhuri ni kali zaidi, lakini jani likishashiba mwanga, ziada haligeuzi kuwa sukari. Na usiku wetu ni mrefu, tena wa baridi, kwa sababu jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari.

Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda siku nzima, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12, hata chini ya hapo. Boga hupenda mchana wa nyuzi 21 hadi 29 na usiku usioshuka chini ya 15 hivi. Katika baridi hiyo jani halifi wala halibadiliki rangi. Linatengeneza sukari kidogo, na boga linaipokea polepole, kwa kuwa seli hupanuka zaidi usiku na usiku huo ni baridi. Hapo hakuna ugonjwa wa kutibu. Funika boga kwa blanketi kuukuu jioni na ulifunue asubuhi, na mchana wa jua liwekee kivuli cha shuka jeupe ili ngozi isikakamae mapema.

Anayelenga maonyesho ya kilimo ya Jamhuri Park, ambayo kwa kawaida huangukia mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, analazimika kukuza boga lake katika kipindi hicho kibaya kuliko vyote. Ataweza, lakini asijilinganishe na picha za California. Asiye na tarehe ya kuwahi apande mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba. Mvua za vuli zitajenga matawi, uchavushaji utaangukia karibu na mwaka mpya, na boga litanenepa Januari na Februari, miezi yetu ya jua na joto. Sharti ni maji: boga linaloongeza kilo kumi kwa siku linahitaji takriban lita tisa ziingie ndani yake peke yake, na majani hutumia mara nyingi zaidi ya hapo.

Kosa lililofanyika mwezi uliopita

Katika wiki mbili hadi tatu za mwanzo boga linagawanya seli. Baada ya hapo kazi kubwa ni kuzipanua zilizopo. Kiu, baridi kali au upungufu wa chavua katika siku hizo za mwanzo hupunguza idadi ya seli, na hasara hiyo haionekani hadi siku ya 30 au 35, seli zilizopo zinapokuwa zimejaa. Siku hiyo utazunguka shamba ukitafuta tatizo la leo na hutalipata. Ndiyo sababu daftari liandikwe tangu siku ya ua.

Ua jike hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, na kichwa chake cha kupokea chavua kina vipande vitatu hadi vitano. Vyote vinapaswa kupakwa. Mtaani ambako nyuki ni wachache, au asubuhi ya mvua, chuma ua dume lililofunguka, vua petali zake, na upake kila kipande kwa utulivu. Ua lililopokea chavua nusu huzaa boga lililopinda, lenye mbegu upande mmoja, na mbegu zinazokua ndizo zinazotoa homoni za kuvuta sukari.

Boga lililosimama polepole kabla ya siku ya 35 linaweza kuamka ukiondoa washindani wake na kulipa joto. Lililosimama kabisa kwa wiki nzima baada ya siku ya 50 mimi singeliongezea chochote. Lililonuka lichumwe siku hiyohiyo, sehemu isiyooza ikatwe ipelekwe jikoni.

Ukilikata, lipasue katikati kuanzia kikonyo hadi kitako na usome ndani. Nyufa kwenye kuta za uvungu maana yake ni maji yaliyokuja kwa vishindo. Vijia vya kahawia na mabuu ni nzi. Mbegu bapa, tupu, upande mmoja, ni asubuhi ya uchavushaji. Kikonyo chenye pete ya kahawia ndani ni mvutano au uozo wa shina. Na kama nyama ni nene, ya rangi safi, mbegu zimejaa na hakuna ufa popote, fungua daftari uhesabu siku na usiku wa baridi: boga hilo lilifika mwisho wake.